Kumfundisha mbwa wa kondoo, kutoka utotoni hadi uwanja wa mashindano

Nimekulia Kondoa. Siku zisizo za shule nilitoka na mbuzi asubuhi nikarudi nao jioni, kutwa nzima tuko pamoja. Nilipofika Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kilichonishangaza kwanza hakikuwa baridi. Ni kwamba kondoo hawakuwa na mchungaji. Wapo juu mlimani peke yao wiki baada ya wiki, kwenye nyika isiyo na uzio, na hawahami, kwa sababu kila mama humzoesha mwanawe malisho ya kwao. Mwenye shamba huwataka kwa siku maalumu tu: wakati wa kuzaa, wa kukata sufu, wa dawa, wa kuuza. Siku hiyo mtu mmoja au wawili washushe mamia ya wanyama waliotawanyika kwenye miamba na ukungu. Peleka vijana ishirini wapige kelele uone: kondoo watapanda juu zaidi.

Kazi hiyo ni ya mbwa. Nimefundisha wanne hadi sasa, wa kwanza vibaya, na ninayoandika hapa ni kwa Mswahili aliyeajiriwa kwenye shamba la namna hii, au anayejiuliza tu wale mbwa wanawezaje. Niliyochelewa kuyajua ni haya mawili. Mbwa huyu hafundishwi kuchunga, anafundishwa kusimama. Na wewe unajifunza pa kuweka miguu yako, maana anaisoma miguu kabla ya kusikia mdomo.

Fahamu kwanza umeshika nini

Karibu kila mlima hapa hutumia aina iitwayo Border Collie. Hafanyi kazi kwa kubweka wala kung'ata. Anafanya kazi kwa jicho: anainama, ananyoosha shingo, anamkazia kondoo macho kama paka anayenyatia ndege, na kondoo anageuka na kuondoka. Ni uwindaji uleule wa mbwa mwitu, ila umekatwa kabla ya kuua. Ndiyo maana collie asiyefundishwa lolote akiona kondoo hukimbilia upande wao wa mbali na kuwaleta kwako. Kwake wewe ni mwindaji mwenzake, na anakuletea windo.

Damu hiyo ina chimbuko linalojulikana. Septemba 1893, huko Northumberland, mkulima Adam Telfer alizalisha dume aliyeitwa Hemp. Baba yake, Roy, alikuwa mchangamfu asiye na jicho kali. Mama yake, Meg, alikuwa na haya na jicho lililozidi. Mtoto akatokea katikati ya hao wawili, mkimya na mwenye nguvu, na collie wengi wa leo ni kizazi chake. Mashindano yalikuwa yameshaanza: ya kwanza Uingereza yalifanyika Bala, Wales, tarehe 9 Oktoba 1873. Walioandaa ni Wawelisi, aliyeshinda ni Mskoti aliyehamia huko, James Thomson, na mbwa wake Tweed. Chama kinachotunza daftari la nasaba za mbwa hawa, ISDS, kilianzishwa 1906.

Usimchanganye collie na mbwa wa bunduki, yaani spaniel na labrador wanaofukuza na kuokota ndege wa windo majira ya baridi. Wala na makundi ya mbwa waliokuwa wakikimbiza mbweha, uwindaji uliopigwa marufuku Uingereza na Wales kwa sheria ya 2004. Hizo ni shule nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Kumchagua

Usimtazame mtoto wa mbwa, watazame wazazi wake, tena wakiwa kazini. Omba uonyeshwe mama akikusanya kondoo. Akikata katikati ya kundi na kuwatawanya, rudi nyumbani hata kama watoto wake ni wazuri kama picha. Uliza karatasi za ISDS na vipimo vya macho, kwa kuwa collie wana magonjwa ya macho ya kurithi. Rangi ni suala lako mwenyewe. Mzee mmoja wa bonde letu hataki mbwa mweupe mno, anasema kondoo hawamwogopi. Mimi nimeona weupe wakifanya kazi vizuri tu.

Mtoto huchukuliwa akiwa na wiki 8. Kisheria awe ameshawekewa chipu chini ya ngozi, utaratibu ulio wa lazima tangu Aprili 2016. Ukikosa muda wa kulea, unaweza kununua aliyekwisha fundishwa, ila andaa mfuko. Februari 2021 jike mmoja wa Wales aitwaye Kim aliuzwa kwa mnada wa mtandaoni kwa pauni 27,100. Wa kawaida ni nafuu mno kuliko huyo, lakini bado si bei ya mbuzi.

Hatua ya 2: Miezi ya kwanza bila kondoo

Tuna methali, samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa huyu inapotosha. Ukimpeleka kwa kondoo akiwa na miezi minne hawezi kuwazidi mbio, kondoo jike atamgeukia na kumpiga kichwa, na woga huo anaweza kuubeba maisha yote. Nyumbani mfundishe matatu tu: jina lake, kuja akiitwa, kulala chini akiambiwa. Mzoeshe kamba, gari, trekta na kelele za geti la chuma. Na asipate hata mara moja nafasi ya kutoroka kwenda kwa kondoo peke yake. Mbwa aliyejifundisha mwenyewe kukimbiza kondoo kwa raha zake ni kazi ya miezi kumrudisha, na sheria ya 1953 inamhesabu kuwa mbwa anayesumbua mifugo. Mkulima akimkuta katikati ya kondoo wake, kuna mazingira ambamo anaruhusiwa kumpiga risasi.

Makazi: mbwa wa kazi hapa halali sebuleni. Ana kizimba chake, kikavu, chenye kitanda cha mbao kilichoinuliwa kutoka sakafuni. Wasomaji Waislamu najua mna swali, nami nimelelewa hivyohivyo. Mbwa wa mifugo, wa windo na wa shamba ana ruhusa yake tangu zamani. Kinachobaki ni usafi. Nina buti, koti na ndoo za kazini, na haviingii ndani.

Hapa pia ndipo dawa ya minyoo inapoanza. Kuna tegu mdogo anayekaa kwenye utumbo wa mbwa, na mayai yake yakimwingia mtu huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Wakenya wataukumbuka kutoka Turkana, ambako ugonjwa huu uliwahi kuwa mkubwa kuliko karibu popote duniani, kwa sababu zilezile: mbwa na watu wako karibu, na mbwa hula matumbo ya kondoo. Wafugaji wa Wales wamepambana nao pia. Kwetu mbwa wote hupewa dawa kila wiki sita, mzoga hauachwi malishoni, na hakuna mbwa anayetupiwa nyama mbichi ya kondoo. Jambo jingine: baadhi ya collie hudhurika vibaya na ivermectin, dawa tunayowanywesha kondoo. Siku ya dawa mfunge mbwa mbali asirambe yaliyomwagika.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza uwanjani

Kati ya miezi 8 na 12 utamwona anabadilika. Akiona kondoo nyuma ya uzio kichwa kinashuka, mkia unashuka. Mkia ndio wa kutazama. Ukiwa juu, anacheza. Ukiwa chini, yuko kazini.

Tafuta kondoo sita hadi kumi waliozoea mbwa. Wasiwe mama wenye watoto, wasiwe wenye mimba kubwa, wasiwe madume. Kiwanja cha nusu ekari kinatosha, na kama kina kona kali ziziba, maana kondoo wakijibanza konani somo linageuka vita. Mbwa avae kamba nyepesi ya mita kama tano inayoburuta.

Simama kati ya mbwa na kondoo. Mwachie. Atataka kukuzunguka awafikie. Mwachie azunguke, na wewe jisogeze ili daima kondoo wawe kati yenu. Fikiria uso wa saa ya ukutani: kondoo katikati, wewe kwenye namba 6, mbwa kwenye namba 12. (Nasema namba zilizochorwa, si saa zetu za Kiswahili. Niliwahi kumweleza binamu yangu kwa simu na akamweka mbwa upande wa mchana.) Ukienda kwenye namba 5, mbwa mwenye damu nzuri ataenda mwenyewe kwenye 11. Hapo umemfundisha nini? Hakuna. Umemwonyesha tu kwamba unaelewa mchezo wake, naye ataanza kukusikiliza.

Sasa tembea kinyumenyume. Kondoo watakufuata, maana mbwa yuko nyuma yao. Tembea tu, pinda, pinda tena, mbwa arekebishe nafasi yake. Hiyo ndiyo mizani, na kila kitu kingine kinajengwa juu yake.

Akiingia kwa kasi kuwavamia, usimpigie kelele ukiwa umesimama. Mfuate. Ukielekea begani kwake atapanuka, atatoka nje ya kundi. Ukielekea kichwani atageuka upande wa pili. Ukimfuata mkiani unamsukuma kwa kondoo, kosa nililofanya kwa mbwa wangu wa kwanza kwa wiki tatu huku nikimlaumu yeye. Bakora uliyonayo ni ya kurefusha mkono. Hapigwi nayo mtu wala mbwa.

Dakika tano hadi kumi, basi. Umalize angali anataka. Na usimwite mbwa wakati kondoo wako mbioni, hatakuja, na atakuwa amejifunza kwamba wito wako hauna maana. Subiri kondoo watulie kwenye uzio, mbwa atulie, kanyaga kamba, mshike.

Hatua ya 4: Kusimama

Hapa ndipo wengi hukwama, nami nitakaa hapa kidogo.

Mbwa anapokataa kulala chini mbele ya kondoo si mkaidi. Anaamini kwamba akisimama kondoo watamtoroka. Kwa hiyo usianze kumsimamisha akiwa mahali ambapo kweli watamtoroka. Msimamishe akiwa kwenye namba 12, wewe kwenye 6, kondoo wametulia katikati. Hapo amewashika na anajua amewashika. Sema "lie down" mara moja kwa sauti ya kawaida, piga hatua moja mbele kumziba, na akisita tu, hata nusu sekunde, rudi nyuma umpe kondoo. Zawadi ya kusimama ni kuendelea na kazi. Biskuti na kupapaswa havimvutii saa hiyo, ana macho na kondoo tu.

Anayefanya kinyume, yaani anamlaza mbwa kisha anamfunga kamba na kumpeleka nyumbani, anamfundisha kwamba kulala ni mwisho wa furaha. Baada ya siku nne ana mbwa asiyelala. Mimi humlaza na kumwachia mara kumi kabla ya kumlaza na kumshika mara moja.

Si lazima alale kifudifudi. Mbwa wengine, hasa wenye jicho kali, ukiwalaza hukwama hapo kama waliogandishwa. Hao wafundishe kusimama kwa miguu minne.

Hatua ya 5: Pande mbili na filimbi

Maneno ya hapa ni ya Kiingereza cha wachungaji: "come bye", mbwa azunguke kondoo kufuata mishale ya saa, na "away", azunguke kinyume chake. "Walk up" ni asogee moja kwa moja. "Look back" ni ageuke, kuna waliobaki. "That'll do" ni aache, arudi kwako. Huhitaji kuyafundisha kwa nguvu. Mbwa akizunguka upande fulani mwenyewe, taja neno la upande huo. Baada ya siku kadhaa neno litatangulia na mwendo utafuata. Kila mbwa ana upande anaoupenda, kama sisi na mkono wa kulia. Fanyia kazi ule asioupenda.

Mbwa wangu wa kwanza nilimfundisha kwa Kiswahili. "Lala", "zunguka", "pita huku". Alielewa vizuri kabisa, maana mbwa hajui lugha, anajua sauti. Nikaenda likizo Kondoa. Mwenye shamba akamtoa kwenda kushusha kondoo, na mbwa akakaa anamtazama kama mgeni wa serikali asiye na mkalimani. Tangu hapo natumia maneno ya wenyeji, ili mbwa aweze kusaidia jirani au kuuzwa.

Filimbi ya mchungaji ni kipande bapa cha plastiki au chuma, kimekunjwa kama nusu mwezi na kina tundu katikati. Inakaa yote mdomoni, juu ya ulimi, na ulimi ndio unaotunga sauti. Wiki ya kwanza utatoa upepo na mate. Jifunzie ndani ya gari, mbali na mbwa, asije akazoea kusikia upuuzi. Mlio mmoja mrefu kwa kawaida ni kusimama, mingine jitungie, ila kila upande uwe na mlio usiofanana kabisa na mwingine. Ukiwa na mbwa wawili, kila mmoja awe na milio yake.

Hatua ya 6: Kwenda kuleta, kisha kuswaga

Kwenda kuleta ni safari ya mbwa kutoka miguuni pako hadi nyuma ya kondoo walio mbali. Njia yake iwe na umbo la pea: nyembamba kwako, pana kwa kondoo, asiwashtue kabla hajafika nyuma yao. Anza na mita 20, tena wewe ukiwa umesimama karibu na kondoo kuliko mbwa alivyo. Akikata kona, msimamishe, sogea, mpanue, aendelee. Ongeza umbali pale tu umbo likiwa zuri. Anayekata kona kwenye mita 50 atapasua kundi kwenye mita 400. Akifika nyuma yao atulie kwanza, kisha awainue, yaani aanze kuwasogeza, taratibu. Dakika ile ya kukutana, kondoo wanaamua kama watamheshimu au watamkimbia.

Kuswaga, yaani kuwapeleka mbele badala ya kukuletea, ni kinyume cha asili yake yote. Tembea naye bega kwa bega nyuma ya kondoo. Atataka kuwapita awageuze. Msimamishe, "walk up", hatua tano, msimamishe. Hii huchukua wiki, na siku nyingine utaona kama amesahau kila kitu. Hajasahau. Anauliza tena kama una uhakika.

Kutenga ni baada ya hapo: unafungua pengo katikati ya kundi kwa mwili wako na kumwita mbwa apite humo kuja kwako. Akishaelewa kwamba pengo ni mlango, hupita kwa shangwe.

Hatua ya 7: Mlimani

Usimpeleke mlimani hadi asimame kila mara, si mara nyingi. Mpeleke kwanza na mbwa mkubwa, kwa sehemu ndogo. Kondoo wetu ni Herdwick, huzaliwa weusi wakageuka kijivu, na kwenye mawe ya kijivu mbwa huwaona kabla yako.

Kosa langu kubwa halikuwa la mbwa. Upepo ulikuwa mkali, nikachanganya pande, nikapiga mlio wa kushoto nikitaka kulia. Mbwa akatii. Kondoo wapatao 60 wakavuka mgongo wa mlima wakachanganyika na wa jirani. Siku nzima iliyofuata tulikuwa zizini tukiwachambua kwa alama ya rangi mgongoni na mkato wa sikio, ambavyo kila shamba la Cumbria lina vyake. Jirani hakusema kitu. Alileta chai, akaketi juu ya ukuta wa mawe, akatazama.

Majira ya kuzaa, Machi hadi Mei, mbwa kijana akae nyumbani. Mama mwenye mtoto wa siku moja hamgeukii mbwa mgongo, humshambulia.

Hatua ya 8: Mashindano ya kwanza

Majira ya baridi kuna mashindano madogo ya mbwa wachanga. Ada ni ndogo, na anayekosea hachekwi, wote wamepita hapo. Mpango wa kawaida wa alama ni 100: kwenda kuleta 20, kuinua 10, kuwaleta hadi kwako 20, kuswaga 30, kutenga 10, kuingiza zizini 10. Kila mbwa huanza na alama zote na mwamuzi hupunguza. Mbwa akipita kati yako na kondoo wakati wa kwenda, alama zinakatwa. Aking'ata, mmemaliza.

Fika mapema usimame na wanaotazama. Kondoo wa uwanja huwa na upande wanaouvutia, mara nyingi ule wa zizi wanakotolewa au wanakopelekwa wakimaliza. Mbwa watano wa kwanza watakuonyesha ni upi, nawe utajua wako akae bega gani kuwazuia. Mtembeze, ajisaidie, anywe maji, kisha subiri naye mahali anapoweza kuwaona kondoo bila kuwakodolea macho nusu saa nzima, maana atachoka kabla ya zamu.

Ukifika kwenye nguzo, mahali unaposimama kumtuma mbwa, usimtume haraka. Hakikisha amewaona. Kisha mtume upande anaoupenda, siku ya kwanza usijitie ushujaa. Zizini mwishoni utashika kamba ya geti na hutaruhusiwa kuiachia hadi lifungwe. Kondoo watasimama mlangoni wakikutazama. Usiwakaribie. Mwache mbwa apige hatua moja, asimame. Kondoo anayemtazama mbwa bado anapigana naye. Anayetazama ndani ya zizi ameshaanza kuingia, na hapo hata kidole usikitikise.